Maneno Yaliyobaki ya Kifo cha Ngwali

Mwenye kutaka kusikia na asogee, mwenye usingizi ajilalie zake. Hadithi hii haina ngoma wala vigelegele. Ni habari ya mwanamke aliyevuka mpaka ili aseme maneno machache kwa mtu mmoja tu, na jinsi maneno yenyewe yalivyomtoa jasho.

Jina lake Sikudhani. Kwao alikuwa mpishi wa machimbo ya mawe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye miguu inayovimba kila jioni na ulimi usiomkwepa mtu. Kwa miaka mitatu alimpikia kijana mgeni aitwaye Ngwali, aliyetoka nchi ya Mlingano, nchi ambayo hakuna mpasua mawe mwingine aliyewahi kuiona. Ngwali alikuwa mcheshi, mbovu wa kuimba, na mpenda ukoko asiye na haya: sufuria ikiteremshwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na kijiko. Asubuhi moja mwenzake alinasa mguu chini ya jabali lililokuwa likining'inia. Wengine walikimbia. Ngwali akarudi, akamvuta mwenzake akamtoa, jabali likaporomoka yeye angali pale. Aliishi saa nzima, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Sikudhani. Karibu na mwisho aliishika kanga yake akamwambia, "Nenda kamwambie." Hakuwa na haja ya kutaja ni nani, Ngwali hakuwa na mtu mwingine duniani ila mama yake.

Siku ileile Sikudhani aliusimulia msiba huo mara tatu. Kwa mnyapara alisema kwa ufupi, jina na saa na mahali, ili watu waondolewe upande ule kabla halijashuka jabali jingine. Kwa wapasua mawe, mbele ya chakula ambacho hakuna aliyekigusa, alifoka. Aliwaambia mwenzao kafa kwa sababu wao ni wavivu wa kusimamisha magogo ya kuzuia mawe, na wakiendelea hivyo atawazika wote. Alitaka waogope, maana vijana wale walikuwa hawajui kuogopa. Kwa mzee aliyekuja kuuosha mwili alinong'ona tu: mbavu za kushoto zimevunjika, upande huo uende naye taratibu. Kisha akafunga mzigo wake. Habari ya nne ilikuwa ya mama, na hiyo aliipanga na kuipangua kila hatua mpaka alipofika mpakani.

Njia tuiache. Vumbi ni vumbi na milima ni milima, na aliyetembea siku ishirini hana hamu ya kuhadithia hata moja.

Kitu cha kwanza alichokiona cha Mlingano kilikuwa daraja lililokatika katikati. Kando yake palisimama kibao kipya, kimepakwa rangi vizuri: DARAJA LINA HALI YAKE. Chini ya kibao alikaa mwanamume mwenye mguu uliofungwa vitambaa.

"Mbona hamkuandika kwamba limevunjika?" Sikudhani alimwuliza.

"Neno hilo lingewatisha waoga," yule mtu alijibu, "na lingewaudhi waliolijenga."

"Na wewe umeanguka hapo?"

"Mimi nina hali yangu," alisema, akageuza uso upande wa pili.

Sikudhani alivukia majini, sketi mkononi, akiwaza kwamba huenda yule ni mgonjwa wa akili na si wa mguu. Hakuwa mgonjwa. Kila aliyekutana naye alizungumza vivyo hivyo, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kila mmoja alimsalimu kwa neno moja, "Umeonekana." Watoto walimwambia umeonekana, vikongwe walimwambia umeonekana, na askari aliyempekua mzigo alimwambia umeonekana huku amekwisha kuuonekanisha mpaka ufuta uliokuwa chini kabisa. Hapakuwa na shikamoo. Sikudhani, ambaye kwao hakuna kijana anayempita bila kumwamkia, alijikuta mara mbili akiitikia "marahaba" kwa salamu ambayo hakupewa.

Habari zote za kutoka nje, aliambiwa, hupitia Ofisi ya Masimulizi. Huko alimkuta Karani Shomvi, mwanamume mwembamba mwenye vidole vya wino, si mtu mbaya hata kidogo, ila alikuwa na subira ya kuchosha.

"Habari hii umewahi kuisimulia kabla?" Karani aliuliza.

"Mara tatu."

"Kwa maneno yaleyale?"

"La, mwanangu. Wale hawakuwa watu wamoja."

Karani aliiweka kalamu chini. Alimwomba azisimulie zote tatu kama alivyozisimulia, naye akaziandika katika karatasi tatu tofauti. Alipomaliza alizitazama kwa muda mrefu, akazisogeza moja baada ya nyingine.

"Mwenzetu," alisema, "hapa tuna marehemu watatu. Mmoja alikufa kwa jabali. Wa pili alikufa kwa uvivu wa wenzake. Wa tatu alikufa kwa mbavu za kushoto. Unaomba kumwarifu mzazi wa yupi?"

"Ni mmoja huyohuyo! Ni Ngwali!"

"Maneno si hayohayo."

"Maneno yanabadilika kwa sababu masikio yanabadilika. Mnyapara ningemwambia ya mbavu angefanya nazo nini? Na yule mzee wa kuosha maiti, nimfokee amekosa nini?"

Karani Shomvi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akamweleza kisa cha nchi yake. Zamani, enzi za babu wa babu yake, mto ulifurika. Tarishi mmoja alitumwa atoe habari. Kwa wakulima alipiga kelele, "Kimbieni, mto unakuja!" nao wakakimbia. Kwa mtawala aliingia kwa adabu, akasema, "Mtukufu, maji yameonyesha ongezeko." Mtawala akaendelea kula. Mji wake wote ulizama, na yeye pamoja nao. Waliosalimika walikaa baraza siku arobaini kutafuta kosa lilikuwa wapi. Wakaona kosa ni kwamba habari moja ilisemwa kwa namna mbili, na tangu hapo habari husemwa kwa namna moja tu, kwa watu wote.

"Na siku hizi mto ukifurika mnasemaje?"

"Tunasema, kuna maji."

"Wanakimbia?"

"Hutegemea," alisema Karani, akairudia kalamu yake.

Kuwaunganisha marehemu watatu kuwa mmoja kulichukua siku kumi na nane. Ofisi haikuwa na utaratibu wa jambo hilo, na wakati huo mtu alikuwa amekwisha kutumwa mitaani kuwatafuta wazazi wa wale wawili waliozidi. Inasemekana alikaribia kuwapata.

Sikudhani alipangiwa chumba katika mtaa wa wafinyanzi. Kwa bahati mbaya, au kwa uzembe wa ofisi, chumba kile kilitazamana na nyumba ya mama yake Ngwali. Jina lake Mashavu, ingawa mashavu yenyewe yalikuwa yamekwisha kunywea. Kila asubuhi alitoa godoro la mwanawe nje, akaliegemeza ukutani lipigwe na jua, akalikung'uta kwa kiganja, na mchana akalirudisha ndani. Alifanya hivyo kwa sababu mwanawe alikuwa hai. Kwa sheria ya Mlingano, mtu hafi mpaka simulizi ya kifo chake ipitishwe, na anayemdokeza mfiwa kabla ya hapo huchukuliwa kuwa mchochezi.

Walikuwa wakikutana bombani. "Umeonekana," Mashavu humwambia. "Umeonekana," Sikudhani hujibu. Alitaka kumshika mkono. Alitaka kumkalisha mahali. Badala yake alijitwika ndoo yake akaenda zake, na mara kadhaa alifika chumbani akalia kwa hasira, akiwa hajui hasira hiyo aielekeze kwa nani katika nchi yenye watu wapole namna ile.

Ndipo akaitwa mbele ya Masikio Saba.

Hao walikuwa watu sita na kiti kimoja kitupu, waliopewa kazi ya kusikiliza simulizi zote kwa niaba ya wananchi. Kila mmoja alikuwa na haki ya kufuta neno lolote litakalomkera mtu anayemwakilisha. Mwenyekiti, Dihenga, aliwakilisha wakubwa. Palikuwa na mwakilishi wa mafundi, wa wanyonge, wa wageni (huyu alikuwa hajawahi kutoka mtaani kwake), na wa wenye mashaka. Watoto waliwakilishwa na mzee wa miaka sabini na mbili, kwa kuwa watoto wenyewe, walipojaribiwa, waliuliza maswali mno. Kiti kitupu kiliwakilisha wasiohudhuria, na ukimya wake ulihesabiwa kuwa pingamizi.

Sikudhani alisimama, akasema yale aliyoyapanga njia nzima. Alisema hivi: "Ngwali alikuwa kijana mcheshi, mpenda ukoko. Mwenzake alinasa chini ya jabali, wengine wakakimbia, yeye akarudi kumtoa. Alimtoa, jabali likamwangukia yeye. Kichwa chake nilikipakata mimi. Alikwenda kwa utulivu, hakuumia."

Halafu wakaanza.

Mwakilishi wa wenye mashaka aliuliza kama ukoko ulikuwa lazima. Palikuwa na watu, alisema, wanaopika kwa uangalifu na hawapati ukoko kabisa. Hao watajiona wamesahauliwa. Ukoko ukafutwa. Mcheshi ikafutwa kwa ajili ya wasiocheka, na kijana ikafutwa kwa ajili ya wazee, ambao wangeweza kudhani kifo chao kina uzito mdogo. Mwakilishi wa mafundi alilipinga neno jabali kwa nguvu zake zote. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe, alisema, na sasa mtoto alale usiku akilitazama jiwe la ukutani kwa hofu? Mwakilishi wa watoto aliamka aliposikia neno mtoto, akaunga mkono, akasinzia tena.

Pagumu palikuwa pale penye "akarudi kumtoa".

"Hapa pana lawama," alisema mwakilishi wa wanyonge. "Mtu akisikia kwamba fulani alirudi, atajiuliza yeye kwa nini hakurudi."

"Si walikimbia kweli?" alisema Sikudhani.

"Na hilo waliokimbia watalisikiaje? Tumwonee huruma na aliyekimbia."

"Mimi sisemi na aliyekimbia! Nasema na mzazi mmoja, yuko mtaa wa wafinyanzi, na kitu pekee kitakachomshikilia ni kujua kwamba mwanawe alirudi!"

Mwenyekiti Dihenga aliinua mkono taratibu. Alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na Sikudhani aliona wazi kwamba hakuwa akifurahia kazi yake. "Mwenzetu," alisema, "kila anayekuja hapa anasema na mtu mmoja. Sisi tungekuwa na kazi gani?"

Walijadiliana siku nne. Siku ya tatu kiti kitupu kilifuta neno "kichwa", na hakuna aliyejua kwa nini, wala aliyethubutu kukiuliza.

Jioni ya siku hiyo Sikudhani alimkuta Dihenga amekaa peke yake kwenye ngazi za baraza, akila wali kutoka kwenye bakuli. Akakaa karibu naye bila kualikwa. Miguu ilikuwa inamuuma na adabu zilikuwa zimemwishia.

"Mimi ni mpishi," alimwambia. "Nikimpikia mgonjwa napunguza chumvi. Nikimpikia mpasua mawe aliyetoka jasho tangu alfajiri, naongeza. Mchuzi ni ule mmoja, sufuria ni moja. Nimewadanganya?"

Dihenga alitafuna, akafikiri. "Umewapa vitu viwili, ukaviita kwa jina moja."

"Nimewapa chakula, wote wawili wameshiba. Ninyi mnatia chumvi kiasi gani hapa?"

"Hatutii," alisema Dihenga, akamsogezea bakuli aonje. Kweli haikuwamo. Sikudhani alimeza tonge lile kwa shida, akamrudishia bakuli lake. Dihenga alisema kwa sauti ya chini kwamba marehemu mkewe alisimuliwa kwa sentensi mbili, naye alikuwa amezikubali kama wengine wote. Kisha aliomba radhi kwa kulitaja jambo lake binafsi, akanyanyuka akaenda.

Siku ya nne simulizi ilipitishwa, ikapigwa muhuri. Ilisomeka hivi: "Mtu mmoja alikuwa mahali. Kulitokea jambo. Mahali pangalipo."

Sikudhani aliisoma mara mbili. Alitaka kucheka na hakuweza. Alitaka kuichana, lakini Karani Shomvi alikuwa amesimama karibu, akamweleza masharti yaliyosalia. Ataisoma mbele ya mfiwa, yeye Karani akiwa shahidi. Kesho yake asubuhi Karani atarudi kupima sikio, yaani kumtaka mfiwa arudie alichokisikia. Likionekana limezidi hata neno moja, simulizi itabatilishwa.

"Ikibatilishwa ndiyo nini?"

"Ngwali atarudishwa katika orodha ya walio hai, mpaka Masikio Saba yakae upya. Foleni sasa hivi ni ya miaka miwili."

Basi wakaenda. Mashavu aliwafungulia mlango, akamwona Karani na karatasi yenye muhuri, akajua. Hata katika nchi ile mtu hujua. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, na Sikudhani akasoma: mtu mmoja alikuwa mahali, kulitokea jambo, mahali pangalipo. Sauti yake ilitetemeka kwenye neno la mwisho, na Karani akaandika pembeni kwamba ilitetemeka.

"Nimesikia sawa na wengine," alisema Mashavu, kama inavyotakiwa. Uso wake haukuonyesha kitu. Karani Shomvi aliagana nao, akatoka.

Sikudhani alikunja ile karatasi, akataka naye aondoke kabla hajavunjika mbele ya mwenye msiba. Mashavu aliinuka akaufunga mlango. Akateremsha na komeo.

"Wewe ulikuwa nani wake?"

"Mpishi wake."

Mashavu alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, tangu miguu iliyovimba mpaka kwenye kilemba. "Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula!" Sikudhani alisema, na palepale machozi yakamtoka bila kuaga. "Alikuwa anakula mpaka ananigombania ukoko. Alikuwa anaukwangua sufuria nzima, halafu ananiambia nimeunguza makusudi kwa ajili yake."

"Uliunguza makusudi?"

"Siku nyingine."

Wakakaa chini jikoni, ubavu kwa ubavu, na Sikudhani akamwambia. Alimwambia jabali na mwenzake na wale waliokimbia na yeye aliyerudi. Alisema polepole, akiutazama uso wa yule mama kila neno lilipotua, akirudi nyuma alipoona halikutua vizuri. Maneno yote yaliyofutwa na Masikio Saba aliyarudisha mahali pake. Alikuwa anajua kwamba anamweka yule mama hatarini, na hakuweza kuacha, na yule mama hakutaka aache. Akafika mwisho, pale alipokuwa amepapamba zaidi ya mahali pengine popote.

"Alikwenda kwa utulivu," alisema. "Hakuumia."

"Saa nzima?" aliuliza Mashavu.

"Saa nzima."

"Alilia?"

Jibu la swali hilo Sikudhani alikuwa nalo tayari tangu machimboni. Hakulia, ndivyo alivyopanga. Mama gani atake kujua zaidi ya hivyo? Maneno ya kilio ndiyo yalikuwa ya kwanza kabisa kufutwa katika habari ya Ngwali, na hayakufutwa na baraza lolote. Aliyafuta yeye mwenyewe, akiwa bado kwao, kwa wema. Sasa alimtazama yule aliyekuwa akifutiwa. Aliona kwamba Mashavu haulizi kwa kuogopa jibu. Alikuwa anauliza kama mtu aliyeshikilia bakuli.

"Alilia," alisema.

"Alimlilia nani?"

"Wewe."

"Aliniitaje?"

Ndipo Sikudhani alipoelewa. Katika Mlingano, kama alivyosikia siku zote bombani, mtoto humwita mzazi wake mwenzetu, kama anavyomwita jirani na askari. Lile neno jingine liliondolewa zamani, kwa kuwahurumia mayatima. Ngwali alikuwa amekua bila kulitamka. Alilisikia machimboni kwa wapasua mawe, ambao wakipondwa kidole hawaiti mtu mwingine.

"Alikuita mama," alisema Sikudhani. "Mwanzoni kwa sauti kubwa, kama anakuita uko chumba cha pili. Baadaye polepole. Mama, mama. Nikamwambia nipo hapa. Akaniambia, si wewe."

Mashavu aliinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa ikilijaribu lile neno bila sauti, akiligeuza huku na huku. Kisha kilimtoka kilio ambacho Sikudhani hakuwa amekisikia tangu avuke mpaka, kilio cha mtu mmoja peke yake, na akajifunika kanga mdomoni kukizuia kisipite ukutani. Sikudhani alimshikilia. Hakuwa na maneno mengine, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili hakuna aliyekuwa akimdai.

Asubuhi Karani Shomvi alibisha hodi.

Sikudhani alikuwa amejilaza palepale jikoni, na aliposikia hodi aliinuka upesi. Alikuwa amewaza usiku kucha. Yule mama ni mtu wa nchi hii. Amefundishwa tangu utoto kusema kilekile kwa kila mtu, hajui kusema vingine. Karani atamwuliza umesikia nini, naye atamwambia, yote, mpaka lile neno. Na Ngwali atarudishwa kuwa hai, na godoro litaendelea kutolewa nje. Huu ndio msaada niliomletea, aliwaza, na alijiona mzee kuliko alivyokuwa.

Karani alikaa, akafungua daftari. "Mwenzetu, rudia ulichokisikia jana."

Mashavu alikuwa amesimama dirishani. Aligeuka, akamtazama Karani usoni, vidole vyake vya wino na shingo yake nyembamba, akamtazama kwa muda zaidi ya inavyotazamwa Mlingano. Alikuwa anampima.

"Mtu mmoja alikuwa mahali," alisema, sauti haipandi wala haishuki. "Kulitokea jambo. Mahali pangalipo."

"Kuna neno lililozidi?"

"Halipo."

Karani aliandika. Halafu akainua macho. "Macho yako yamevimba. Siku ya kulia kwa pamoja ni Jumatano."

"Nimeyawahi machozi ya Jumatano," alisema Mashavu. "Jumatano nina ufinyanzi."

Kalamu ilisimama hewani. Karani alimtazama mama, akamtazama mgeni, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kama anataka kuuliza jambo ambalo halimo kwenye fomu. Hakuuliza. Alipiga muhuri, akasema simulizi imefika salama na sikio limelingana, na kwamba mgeni anatakiwa awe amevuka mpaka kabla ya jua kuzama. Akawaambia mmeonekana, akatoka.

Mashavu alibaki dirishani akimsindikiza kwa macho, mpaka alipokata kona ya mwisho ya mtaa na hata mlio wa viatu vyake ukapotea. Ndipo akarudi, akateremsha komeo, akakaa chini karibu na Sikudhani, akajiweka vizuri kama mtu mwenye mchana mzima mbele yake.

"Niambie tena," alisema. "Anzia pale aliponiita."